Sekunde Tisa

Siku hizi hakuna anayechoma.
Wanarushiana tu, simu kwa simu,
na rafu yangu hapa Mtaa wa Narung'ombe
imebaki na CD kumi na moja
na vumbi lisilolipa kodi.

Chambuso alikuja saa nane, jua la utosi,
fundi cherehani wa Mbagala Kizuiani,
sindano mbili zimechomekwa kwenye kola.
Akaweka simu mezani, kioo kimepasuka kama utando wa buibui.
"Dakika kumi na nne," akasema.
"Mwamvita anahesabu mashuka ya kufua.
Anamgombeza muuza mkaa. Basi.
Nataka kitu kisichofutika."

Wengi wanadhani kuchoma ni kubonyeza kapicha ka moto.
Mimi sina picha. Nina dirisha jeusi
na kidoti kinachopepesa kama mtu anayekusikiliza,
na amri ninayoiandika herufi kwa herufi:
jina la chombo, kistari,
kasi nne, si arobaini na nane
(mahindi ya haraka huungua nje, ndani mabichi),
kistari tena, neno la majaribio,
kisha jina la faili.
Nikaliita mashuka.

Majaribio ndiyo adabu ya kazi hii.
Sahani inazunguka, namba zinapanda,
kila kitu kama kweli,
ila leza imezimwa, haigusi kitu.
Chambuso hakujua. Alisimama wima, kofia mkononi,
mpaka namba zikakoma,
akajipangusa uso kwa utepe wa kupimia.
"Bado," nikamwambia. "Hayo yalikuwa mazoezi."
Akacheka vibaya.
"Hata wodini tuliagana mara mbili.
Tunalia, halafu: bado."

Sikuwa na la kujibu. Nikatoka kutazama mita:
uniti mbili nukta tatu.
Zinatosha, kama Lyatuu hachomelei mageti huko nyuma,
maana mita tunagawana.
Nikamwomba apumzishe mkono dakika ishirini.
"Kuna msiba?" akauliza, miwani myeusi usoni.
"Leo mchomaji ni mimi."

Umeme ukikatika katikati hakuna kiraka.
CD inakuwa kifuniko cha kikombe.
Zangu zilizokufa zinaning'inia Jangwani, kwenye matuta ya mchicha,
zinatisha ndege kwa rangi saba.

Nikafuta neno la majaribio.
Nikabonyeza.
Programu hii haina maneno mengi, ila ina huruma moja:
kabla ya moto, inakuhesabia.
Nafasi ya mwisho ya kughairi,
tisa,
nane,
saba.
Aliyeitunga simjui. Nadhani naye
aliwahi kufanya jambo upesi mno.
Sita. Tano.
Kwenye nne Chambuso alisogeza kidole karibu na kibodi,
kikakaa hewani.
Mbili.
Moja.

Leza huioni. Unasikia tu mvumo,
kama cherehani chumba cha pili, mlango umefungwa.
Mashuka yakaingia, la kwanza, la pili,
muuza mkaa akaingia na gunia lake pungufu.

"Nifunge, au niiache wazi?"
"Ukifunga?"
"Itasomeka kwenye redio yoyote. Lakini huongezi neno."
"Ukiiacha?"
"Itasomwa na mashine hii peke yake."
Akachomoa sindano moja kwenye kola,
akaitazama tundu,
akaichomeka palepale.
Nilitaka kumuuliza kama ana sauti nyingine yake popote,
kwa shemeji, kwa mtoto. Sikuuliza.
"Funga."

Amri fupi. Kistari na neno moja.
Kufunga kulichukua muda kuliko nilivyokumbuka,
feni ikizungusha joto lilelile.

Droo ikajitokeza. Akaishika kwa kingo, nilivyomwonyesha,
ingali na uvuguvugu,
na badala ya kuitia kwenye bahasha
akaiweka shavuni.

Nyuma, Lyatuu akawasha tena,
mwanga wa buluu ukarukaruka ukutani,
sote wawili tukafumba macho.
Kwenye rafu, kumi.